Sukari Moja, Jibu Moja: Vipimo vya Maabara Vinavyotuhusu

Kwa nini tusome haya?
Sukari ya madukani, kuanzia vijiji vya Ziwa Jipe hadi Same mjini, inaweza kuwa imetoka katika viwanda vya TPC Arusha Chini, Kilombero, Mtibwa au Kagera, au ng'ambo ya mpaka. Kila kiwanda kina maabara yake. Maabara hizo zikipima kila moja kwa njia yake, sukari ileile itasifiwa huku na kukataliwa kule.

Mvutano wa zamani
Huko Ulaya, Wajerumani na Wafaransa walikuwa na vipimo tofauti vya sukari. Wauzaji na wanunuzi wakagombana. Mwaka 1897 wataalamu walianzisha tume ya kimataifa ya kuoanisha vipimo, ICUMSA.

Hupimwa nini?
- *Kiasi cha sukari.* Gramu 26 huyeyushwa katika maji hadi mchanganyiko utimie mililita 100, kisha hutiwa katika mrija wa milimita 200 na kumulikwa kwa mwanga maalumu. Sukari tupu husoma 100. Joto liwe nyuzi 20. Chumba chenye joto la tambarare za Same hushusha namba ingawa sukari haijabadilika.
- *Rangi.* Namba ikiwa ndogo, sukari ni nyeupe zaidi.
- *Unyevu.* Sukari yenye maji mengi hushikana mabonge na kuharibika ghalani.

Mkulima anaguswaje?
Kwa wakulima wa nje wa Kilombero, yaani wale wanaouzia kiwanda miwa ya mashamba yao, malipo hutegemea uzito pamoja na utamu wa miwa. Miwa iliyokatwa ikachelewa kusagwa hupoteza utamu. Sampuli ikichukuliwa vibaya, hata mashine nzuri hutoa jibu baya, na hasara humwangukia mkulima.

Mpakani je?
Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya viwango na upimaji mwaka 2006 ili bidhaa iliyothibitishwa nchi moja isipimwe upya nchi jirani. Makubaliano hayo husimama pale tu maabara za pande zote zinapoaminiana. Njia ya kuhakiki ni kugawa sampuli moja kwa maabara kadhaa, kisha kulinganisha majibu.

Ufanye nini?
1. Mkulima: uliza sampuli imechukuliwa lini na vipi.
2. Mwenye duka: weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu.
3. Mnunuzi: tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na jina la mzalishaji.