"Moja kwa moja": safari au kutorudi?

SWALI: Mwanafunzi wangu ameandika, "Baba alihamia Garsen moja kwa moja." Je, hakutua njiani, au harudi tena? – Mwalimu, Kulesa

JIBU: Mwalimu, kitenzi ndicho kinachoamua. Kuhama kunabeba wazo la kudumu, kwa hiyo msomaji ataelewa kwamba baba harudi. Angeandika "alikwenda", tungeona safari isiyo na kituo, kama basi la Malindi linalofika Lamu bila kushusha abiria Garsen. Redioni, matangazo ya moja kwa moja husikika tukio likiendelea. Wala msemo huu haudai mstari ulionyooka: Mto Tana umejaa kona, lakini unaingia moja kwa moja katika Bahari ya Hindi. Usimpunguzie alama; mwombe tu aandike "alihamia kabisa".