Niuze Wapi Korosho Zangu?

*Nabangua na kukaanga korosho hapa Mikindani pamoja na wenzangu wawili. Mwanangu amenifungulia ukurasa wa Instagram. Watu wanasifia picha, wanauliza bei, kisha kimya. Shemeji ananishauri nijiunge na soko la mtandaoni la Dar es Salaam, ila wanakata asilimia 15 kwa kila mauzo. Jirani naye anasema nilipie matangazo. Mwezi uliopita mteja alinitumia ujumbe wa malipo, nikapeleka mzigo stendi, kumbe hela haikuingia. Nimechoka, dada. Niuze wapi?*
*Mbanguaji, Mikindani*

Dada yangu Mbanguaji, pole sana kwa mzigo ule. Aliyekutapeli amekula jasho la watu watatu, na hasira yako ina haki. Lakini usiache biashara kwa ajili yake.

Wote wanaokushauri wanaangalia penye watu wengi. Wewe jiulize jambo jingine: mteja akishanunua mara moja, namba yake inabaki kwa nani? Ikibaki kwako, msimu ujao utampigia mwenyewe. Ikibaki kwa mwenye soko, kila mauzo utaanza upya, na siku mwenye soko akifunga, wateja wamekwenda naye. Hilo limeshatokea hapa kwetu. Novemba 2019 soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania, na muuzaji ambaye wateja wake wote walikuwa humo ilibidi aanze kuwatafuta upya.

Kwa hiyo makazi ya biashara yako yawe WhatsApp, ile ya biashara, ambayo ni bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei. Instagram iwe mlango wa kuingilia tu. Na usihesabu kwamba ukiwa na zote mbili una masoko mawili: mwenyewe ni mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Ndiyo maana majina na namba za wateja yaandike pia kwenye daftari la karatasi: nani, yuko wapi, alichukua kilo ngapi, lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa wale wanaouliza bei na kupotea. Angalia posti zako. Kama umeandika "bei njoo inboksi", hapo ndipo wanapokukimbia. Andika bei wazi: nusu kilo shilingi ngapi, kilo shilingi ngapi, nauli ya mzigo hadi Dar ni juu ya nani. Piga picha mchana, mimina korosho kwenye sahani nyeupe ili mtu aone kama ni nzima au vipande, na karibu yake weka pakiti iliyozibwa yenye tarehe ya kukaangwa. Mnunuzi wa mbali haonji, kwa hiyo macho yake ndiyo yanayoamua. Vipande viuze kwa bei ya vipande, wala usivifiche chini ya pakiti.

Kuhusu ile asilimia 15, kaa chini upige hesabu kabla ya kumjibu shemeji. Tuseme kilo unauza 30,000. Wao wanachukua 4,500. Toa korosho ghafi, kuni, mifuko, nauli na ujira wa wenzako. Kikibaki cha maana, na wakikuletea watu ambao usingewapata mwenyewe, wape sehemu ndogo ya mzigo uwajaribu. Kisipobaki kitu, achana nao bila majuto. Matangazo ya kulipia nayo yasubiri. Kwanza uza kwa walio karibu: wageni wanaotembelea Mikindani, wanachuo, wafanyakazi wa gesi wa Madimba wanaotafuta zawadi ya kwenda nayo nyumbani. Hawa unawafikishia kwa bodaboda, hela unashika papo hapo, na wakirudi Dar ndio watakaokutangaza.

Malipo yawe na sheria moja isiyo na msamaha. Ujumbe wa mteja si hela. Hata picha ya muamala si hela. Angalia salio lako mwenyewe, kwa M-Pesa piga *150*00#, na mzigo usitoke mpaka uione. Anayekuharakisha eti basi linaondoka, mwambie kesho lipo jingine. Ukishafikisha mzigo ofisi ya basi, piga picha risiti na umtumie. Usiahidi siku usiyoiweza pia: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kusini kule Kilwa, mizigo ilikwama. Siku kama hiyo mpigie mteja kabla hajakupigia. Mteja huvumilia kuchelewa, ukimya hauvumilii.

Jambo la mwisho. Mtandaoni weka korosho zilizobanguliwa tu. Ghafi zina njia yake, vyama vya ushirika (AMCOS) na minada ya stakabadhi ghalani, na ukizitangaza utaitwa kangomba, yaani mlanguzi. Kisha nenda SIDO Mtwara uulizie taratibu za kupata alama ya ubora ya TBS. Pakiti yenye alama hiyo inakubalika hata kwenye maduka makubwa, na hapo utakuwa na soko lisilotegemea simu kabisa.

Msimu hufunguka Oktoba. Kabla haujafika, fungua hiyo WhatsApp, andika bei, na uwaandikie wote waliowahi kununua kwako, hata kama ni kumi. Hao kumi ni mtaji wako, dada, kama zilivyo korosho zenyewe. Anza nao.