Fundi Ameondoka, Nyumba Imebaki: Upeleke Wapi Malalamiko ya Ujenzi?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kangundo amekubaliana na fundi amjengee nyumba ya vyumba vitatu. Kazi pekee, bila vifaa, ni shilingi 400,000. Amelipa 280,000 kwa M-Pesa, kidogo kidogo. Kuta zilipofika kwenye lenta, fundi akaacha kuja. Simu yake haishikwi. Mvua ya Novemba imenyesha, na ukuta mmoja umepasuka kutoka juu hadi chini.

Aende wapi? Wengi hukimbilia kituo cha polisi, wakaambiwa hilo ni suala la madai, si la jinai. Hurudi nyumbani wakiamini sheria haiwezi kuwasaidia. Sivyo. Msaada upo, ila kila mgogoro wa ujenzi una mlango wake, na ukibisha usio wako utapoteza nauli na miezi.

Anza na ushahidi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya mdomo kuhusu kazi ya ujenzi yanatambuliwa na sheria, lakini ni lazima uyathibitishe. Kusanya jumbe za M-Pesa, jumbe mlizoandikiana, risiti za simiti na nondo, picha za kila hatua na majina ya walioshuhudia mkipatana.

Usiukarabati ukuta uliopasuka, wala usimwite fundi mwingine aendelee, kabla mhandisi aliyesajiliwa hajaukagua na kuandika ripoti. Ukishapigwa plasta, ushahidi umefunikwa. Ikiwa ukuta unaweza kuanguka, ondoa watu mara moja na upige picha.

Kisha mwandikie fundi barua ya madai: mlikubaliana nini, umelipa ngapi, kilichobaki ni nini, na unampa siku ngapi kujibu. Weka nakala. Mara nyingine barua hiyo pekee, au kikao mbele ya chifu au wazee, humaliza jambo. Mkielewana, andikeni na mtie sahihi.

Madai yasiyozidi shilingi milioni moja

Fundi asipojibu, mlango wa mama huyu ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama hii ipo hapa Machakos pia. Husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000 yanayotokana na mikataba ya bidhaa na huduma, au uharibifu wa mali. Unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee.

Mlango huo ni wa fundi pia. Ikiwa umeezeka nyumba ya mtu na hajakulipa, peleka madai yako hapo hapo.

Mikataba mikubwa

Ukiwa na mkataba rasmi na mwanakandarasi, usome wote kabla ya kwenda mahakamani. Mikataba mingi ya ujenzi ina kifungu kinachosema mgogoro upelekwe kwanza kwa msuluhishi. Chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995, upande wa pili unaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi yako ili kifungu hicho kifuatwe. Hapa ndipo ada ya wakili huwa na faida: akusomee mkataba kabla hujatia sahihi.

Kazi mbovu

Kila mwanakandarasi anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kuna ngazi nane, NCA 1 ikiwa ya juu na NCA 8 ya chini. Hakikisha usajili wake kabla ya kulipa chochote. NCA hupokea malalamiko na inaweza kumchukulia hatua, lakini kurudishiwa pesa zako ni kazi ya mahakama au msuluhishi.

Mpaka na jirani

Jirani akijenga ukuta ndani ya shamba lako, anza kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo.

Notisi kutoka kaunti

Hata sisi serikali ya kaunti tunaweza kupingwa. Ukinyimwa kibali cha ujenzi, au ukipewa notisi ya kusimamisha au kubomoa, una siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi, chini ya sheria ya mwaka 2019. Usiporidhika, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usiiweke notisi kabatini. Siku hizo 14 huisha haraka.

Kabla ya jiwe la kwanza

Oktoba 2023, matingatinga yalibomoa nyumba kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland huko Athi River, baada ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Machakos kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni. Wengi wa waliobomolewa walisema walinunua ploti zao kwa pesa halali. Mkataba mzuri na fundi hausaidii kitu ikiwa ardhi si yako. Fanya sachi katika afisi ya usajili wa ardhi kabla ya kununua, si baada ya kuchimba msingi.

Wakili na muda

Ukihitaji wakili, hakikisha ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi, na mpatane ada kwa maandishi. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Usikawie. Kwa kawaida, madai ya mkataba hufungwa baada ya miaka 6, na madai ya hasara iliyotokana na uzembe baada ya miaka 3.

Turudi kwa mama wa Kangundo. Hakuwa na mkataba, lakini simu yake ina jumbe za malipo ya shilingi 280,000, na fundi alimwandikia, "Mama, nitamaliza lenta wiki ijayo." Akiongeza picha na ripoti ya mhandisi, ana kesi. Kama angeandika ukurasa mmoja na fundi siku ya kwanza, ukiwa na bei, hatua za malipo na tarehe ya kumaliza, huenda asingehitaji kesi yoyote.