RAIS CHURA NA MAKANIKA WA NIGER

Tukitajiwa vibonzo vya sinema, wengi wetu humfikiria Walt Disney tu. Kumbe hapa Afrika, nchini Niger, alikuwako Moustapha Alassane, aliyezaliwa mwaka wa 1942, mmoja wa waanzilishi wa sanaa hii barani.

Alassane alisomea umakanika. Sinema alianza kwa kukata sanamu za karatasi ngumu na kuwaonyesha watu vivuli vyake. Mfaransa Jean Rouch alimsaidia kuingia katika filamu, kisha akajifunza kwa Norman McLaren huko Kanada.

Kazi yenyewe, jamani, si mchezo! Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Piga hesabu: dakika 5 ni picha 7,200. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, bado utachora 3,600. Unausogeza mguu wa chura kidogo tu, unapiga picha, unausogeza tena.

Na kwa nini vyura? Katika "Bon voyage, Sim" (1966), Sim ni rais wa vyura. Anaalikwa na rais jirani, anapokewa kwa shangwe, lakini akirudi kwake anapinduliwa. Mwaka uo huo Kwame Nkrumah wa Ghana alipinduliwa akiwa safarini ng'ambo. Ukimchora rais binadamu, utaulizwa ni yupi huyo. Chura je, nani atakushtaki?

Alassane hakuwaacha wanyama wake hadi uzeeni. Katika "Kokoa" (2001) wanashindana mieleka. Alifariki mwaka wa 2015.