Mawe ao Kuran? Namna ya Kulisha Redio ya Koperative Bila Kuiunguza



Mu vijiji vyetu redio si kitu cha kuchezea tu. Kwa redio tunasikia habari ya mvua, bei ya maharagi sokoni, na magonjwa yenye yanashambulia mihogo. Radio Okapi inasema Kiswahili tangu mwaka wa 2002, na kuko redio za vijiji zenye zinatangaza mu luga zetu. Leo redio mingi ziko pia na tundu la kle USB ao la karte memori. Kwa hiyo kikundi kinaweza kusikiliza somo lenye lilirekodiwa, kulirudilia mara tatu, na kupiga muziki mbele mukutano uanze.

Lakini mashini ya kikundi ni moja. Ikiungua, watu wote wanabakia bila sauti. Na mara mingi haiunguzwi na uzee. Inaunguzwa na adapta yenye haiko yake, ao na batri yenye iliunganishwa kinyume. Mu somo hili tutajifunza namna ya kuchagua chakula cha redio, namna ya kupiga hesabu ya feza, na namna ya kulinda watoto na mashamba juu ya mawe yenye yameisha.

1. Volti na ampere

Fikirieni mufereji wenye unaleta maji kutoka kilimani. Kama maji inatoka juu sana, inasukuma kwa nguvu. Ile nguvu ya kusukuma ni sawa volti. Na wingi wa maji yenye inapita ni sawa ampere.

Sasa mutie bomba ndogo chini ya mufereji. Kama maji inasukuma kupita kiasi, bomba inapasuka. Lakini kama kuko maji mingi yenye inasukuma kwa kiasi, bomba inachukua tu ile inaweza kuchukua, na ingine inangojea. Redio iko vilevile. Volti zikizidi, inaungua. Ampere zikizidi kwenye adapta, hakuna ubaya, juu redio inachukua tu zenye inahitaji.

Shikeni hili mu kichwa: volti lazima zilingane, ampere ziwe sawa ao zipite.

2. Musome mbele ya kuchomeka

Geuzeni redio, muangalie pembeni ya tundu la adapta, ao ndani ya kifuniko cha mawe. Kisha musome karatasi yenye iko kwenye adapta, pale wameandika OUTPUT. Mulinganishe mambo mane:

a) Volti (V). Kama redio imeandikwa 6 V, adapta itoe 6 V. Kama hakuna maandishi, muhesabu mawe yenye yanaingia moja nyuma ya lingine. Jiwe moja ni volti 1.5. Mawe 2 ni volti 3, mawe 4 ni volti 6, mawe 6 ni volti 9. Redio za tundu la USB zinaomba volti 5.

b) Aina ya umeme. Mawe na batri zinatoa umeme wenye unaenda upande mumoja tu: wanaandika DC, ao mustari mumoja wenye chini yake kuko vidoti. Umeme wa ukutani unaandikwa AC, ao alama ya ~. Adapta yenye inatoa AC haifai kwa redio yenye inaomba DC.

c) Upande wa + na wa –. Kuko kapicha kadogo ka duara na nukta mu katikati. Kama nukta imeunganishwa na +, ndani ya fishi ni + na inje ni –. Kwa redio zingine ni kinyume. Kapicha ka redio na kapicha ka adapta tulingane.

d) Ampere (A ao mA). 1 A ni mA 1000. Kama redio inaomba mA 300, adapta ya mA 500 ao ya 1 A inafaa. Ya mA 200 itapata moto sana na sauti itakatika.

Sokoni kuko adapta yenye iko na kifungo cha kuchagua volti: 3, 4.5, 6, 7.5, 9, 12. Ni nzuri, lakini mutoto akisukuma kifungo kutoka 6 mupaka 12, redio imekufa. Mukishachagua, mufunike kifungo kwa skochi, na muandike juu yake: REDIO, 6 V.

Redio zingine zinachomekwa moja kwa moja kwenye prizi, na nyuma kuko kifungo cha 110/220. Huku Congo kuran ni volti 220. Mukiacha kifungo kwenye 110, redio itaungua mara moja.

Wenye wanatumia gurupu: muwashe gurupu kwanza, mungojee mpaka izunguke vizuri, ndipo muchomeke redio. Wakati wa kuzima, mutoe redio kwanza. Gurupu ikianza ao ikiisha mafuta, volti zinapanda na kushuka.

3. Mawe: hesabu yenye keshia anapaswa kujua

Mawe makubwa ya kawaida yanaandikwa R20. Yenye yanaandikwa LR20 ni ya alkaline. Bei yake iko juu, lakini yanadumu karibu mara mbili ao zaidi. Madogo ni R6 na LR6.

Jiwe la R20 linabeba karibu mAh 6000. Maana yake, linaweza kutoa mA 100 kwa muda wa saa 60. Muangalie vizuri: kutia mawe 4 kwa mustari kunaongeza volti, hakuongeze saa.

Tuseme redio ya kikundi inakula mA 100 kwa sauti ya chini, na mA 300 kwa sauti kubwa ya muziki. Mukisikiliza saa 2 kila siku:

Sauti ya chini: 100 × 2 = mAh 200 kwa siku. 6000 ÷ 200 = siku 30.
Sauti kubwa: 300 × 2 = mAh 600 kwa siku. 6000 ÷ 600 = siku 10.

Sasa tutie bei. Kwa mufano tu, tuseme mawe 4 yanauzwa franka 4000. Ninyi mutie bei ya soko yenu. Kwa miezi 12, sauti ya chini inaomba mawe mara 12, ni franka 48,000. Sauti kubwa inaomba mara 36, ni franka 144,000. Tofauti ni franka 96,000, na inatoka mu sanduku la wamemba. Ni mbegu ngapi? Ni majembe ngapi? Hatuseme muache muziki. Tunasema mukutano uamue saa ya muziki na kimo cha sauti, pasipo kuachia mutu mumoja kifungo.

Mambo ya kushika juu ya mawe:

Musichanganye mawe mapya na ya zamani, wala aina mbili. Lile la zaifu linasukumwa na yale ya nguvu mupaka linatoa maji.

Redio ikikaa wiki nzima bila kazi, mutoe mawe. Ganda la jiwe la kawaida ni zinki, na ile zinki yenyewe ndiyo inaliwa wakati jiwe linafanya kazi. Ndiyo maana jiwe lenye limeisha linatoboka, na maji yake inakula vyuma vya redio.

Musiyatie kwenye jua ao pembeni ya moto ili yapate nguvu. Ni kweli, joto linayaamusha kwa wakati kidogo, lakini yanaweza kupasuka.

Musicharje mawe ya kawaida. Yenye yanacharjiwa yameandikwa RECHARGEABLE. Mingi ni volti 1.2, na yako na sharjeri yake.

4. Batri ya pikipiki na pano ya jua

Wakati hakuna kuran, batri ya volti 12 na pano ya jua ni njia nzuri. Lakini redio ya volti 6 haiwezi kuunganishwa nayo moja kwa moja. Munahitaji kipunguza-volti, kama kile cha kutia mu gari ao pikipiki, chenye kinatoa volti 6 ao volti 5 za USB.

Jambo la pili: hata redio ya volti 12, musiiunganishe na pano bila batri na regulateri. Pano yenye wanaita ya volti 12 inaweza kutoa volti 18 mupaka 21 wakati jua ni kali. Regulateri inalinda batri na inalinda redio pia.

Tuone hesabu. Batri ya pikipiki ya 7 Ah, tusitumie zaidi ya nusu yake, juu ikikaushwa mara kwa mara inakufa mbio. Inabakia 3.5 Ah, ni mAh 3500. Redio ya mA 100 itasema karibu saa 35 mbele ya kucharji tena. Kwa saa 2 kila siku, ni siku zaidi ya 17 hata bila jua.

Karibu na + ya batri, mumuombe fundi atie fuzi ya 1 A. Waya mbili zikigusana bila fuzi, batri ndogo inaweza kuwasha nyumba. Na maji ya batri ni asidi: inaunguza macho na nguo. Batri ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na watoto.

5. Mawe yenye yameisha

Watu mingi wanayatupa mu shamba, mu choo ao kandokando ya kisima. Wengine wanayavunja ili unga mweusi upakwe kwenye ubao wa shule. Ule unga uko na manganese. Mutu akiuvuta kwa pua kwa muda murefu, unaweza kuharibu ubongo. Maji ya mawe ya alkaline inaunguza ngozi na macho. Ikigusa jicho, muoshe kwa maji safi kwa dakika 15 ao zaidi, kisha muende kituo cha afya.

Musiyachome mu moto, juu yanapasuka. Koperative iweke bidoni moja yenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na watoto na maji ya kunywa. Ikijaa, mujulishe mutumishi wa mradi yenye inawasaidia, ili muangalie pamoja mahali pa kuyapeleka. Kama redio ilitokewa na maji ya mawe, mupanguse kwa kitambaa kikavu kwenye kijiti, kisha muoshe mikono.

6. Kanuni yenye tunashauria kila kikundi

Muchague wamemba wawili, mwanamuke na mwanaume, walinde redio. Mu kitabu chao waandike: volti za redio, upande wa + wa fishi, siku mawe mapya yaliingia, bei yake, na siku yaliisha. Kisha miezi mitatu, kitabu kitawaonyesha kama feza ya mawe ingetosha kununua pano. Pale ndipo mukutano utaamua, kwa hesabu, hapana kwa makelele.

Maulizo ya kuzungumuzia mu kikundi

1. Redio yenu inaomba volti ngapi? Nani anaweza kutuonyesha pale imeandikwa?
2. Adapta ya volti 6 na 1 A, inafaa kwa redio ya volti 6 na mA 300? Sababu gani?
3. Mwezi uliopita mulitumia feza ngapi kwa mawe? Kila saa moja ilikuwa bei gani?
4. Mawe yenye yameisha kwenu yanaenda wapi? Nani ataleta bidoni?