MITI YA ASILI KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI

Watu wengi hudhani ya kuwa mjakaranda ni mti wa Nairobi tangu zamani. Sivyo, asili yake ni Amerika ya Kusini. Basi mkaaji wa Kileleshwa atakaye kupanda miti ya nchi yake, kwanza na apime kiwanja chake. Penye nafasi kubwa hufaa mutamaiyu, ambao hukua polepole lakini huvumilia ukame, au murarachi, wenye maua ya rangi ya waridi. Kabla ya kuchagua, na aende Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, ajionee ukubwa wa mti uliokomaa. Ndipo atajua umbali wa kuupanda kutoka ukutani. Penye nafasi ndogo hufaa boma la mukawa, ambao miiba yake ni kinga na matunda yake yaliyoiva huliwa. Pia mishubiri, ambayo maua yake huwavuta ndege waitwao chozi.

Jambo la pili ni kupata miche. Asiing'oe msituni. Mche ung'olewao hukatika mizizi na mara nyingi hufa. Hivyo msitu hupungukiwa, naye hapati kitu. Tena, kuutoa katika msitu wa serikali pasipo kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 2016. Mbegu huuzwa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu huko Muguga, na miche hupatikana vitaluni. Ipandwe mvua za masika zianzapo, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.