Somo la 9: Kitabu cha Ukumbusho

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 4:8–10, Yer. 36, Isa. 56:3–5, Mwa. 45:1–8, Yos. 4:1–7, Dan. 7:9, 10.

Fungu la Kukariri: Malaki 3:16. Lisome katika Biblia yako, ulikariri juma hili.

Kwa miaka mingi wanaume wa Njombe walipitia Makambako kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wengine walitafuta fedha ya kodi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengine walichukuliwa kwa nguvu kwa amri ya serikali ya kikoloni. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Wako waliorudi, na wako ambao jamaa zao hawajui walizikwa wapi.

Wajukuu wao wamo katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato. Je, Mungu anataka mateso ya namna hii yaandikwe na kukumbukwa, au anataka tuyasahau?

JUMAPILI: Damu Isiyonyamaza

Soma Mwa. 4:8–10. Kwa nini Mungu alimwuliza Kaini swali ambalo jibu lake alilijua?

Kaini alidhani hapakuwa na shahidi. Mungu alimwonyesha kwamba ardhi yenyewe ilishuhudia.

Ukitoka Makambako ukapita Njombe na kuendelea kusini, utafika Songea, penye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo makumi ya viongozi na wapiganaji wa Wangoni, wakawazika katika kaburi la pamoja. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha. Miaka 117 ilikuwa imepita. Angesimama wapi, na angetaja majina gani, kama wana na wajukuu wa waliouawa wangekubali kunyamaza?

JUMATATU: Mfalme Aliyechoma Kitabu

Soma Yer. 36:20–32. Yehoyakimu alitaka kupata nini kwa kuchoma gombo? Mungu alijibuje?

Mfalme hakuweza kubadili ukweli, kwa hiyo akakata karatasi zake na kuzitupa motoni. Mungu alimwambia Yeremia aandike tena, na safari hii maneno yakaongezeka.

Kabla Kenya haijapata uhuru mwaka 1963, maofisa wa kikoloni walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha kwa siri hadi Uingereza. Wazee walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau walipofungua kesi London mwaka 2009, walikuwa na makovu na kumbukumbu zao. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili yalikuwepo, yamefichwa Hanslope Park. Juni 2013 ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa wahanga zaidi ya 5,200. Mwaka 2015 mnara wa kuwakumbuka ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Kila mwaka ambao karatasi hufichwa, yuko mzee anayekwenda kaburini bila kusikia neno “samahani.”

JUMANNE: Jina Badala ya Namba

Soma Isa. 56:3–5. Mungu anawaahidi nini matowashi?

Wengi wa watu hawa walikatwa wakiwa wadogo ili watumikie majumba ya wafalme. Waliumizwa na mamlaka iliyowamiliki, nao hawakuwa na mtoto wa kulibeba jina lao. Mungu anaahidi kuwapa ukumbusho na jina ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Manamba alikuwa na kipande, kadi iliyowekwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi. Siku 30 zisipotimia, mshahara haukutoka. Katika vitabu vya shamba alikuwa hesabu ya kazi. Kwa Mungu alikuwa na jina tangu tumboni mwa mama yake. Tunapoandika jina la babu aliyeteswa, tunakubaliana na hesabu ya mbinguni.

JUMATANO: Kusamehe Si Kuficha

Soma Mwa. 45:1–8. Yusufu aliwasamehe ndugu zake. Je, alinyamaza kuhusu walichomtenda?

Yusufu alilia, akawakumbatia, lakini pia aliwakumbusha wazi kwamba walimwuza. Msamaha wake ulisimama juu ya ukweli.

Hapa kanisa linapimwa. Mtu mzima akisema kwamba alipokuwa mtoto aliumizwa katika bweni la shule, katika kituo cha watoto au hata kanisani, wako watakaomwambia, “Samehe, usituletee aibu.” Maneno hayo yanamlinda aliyekosa na kumtwika mzigo aliyeumizwa. Aibu ni ya tendo. Si ya anayelisema. Ikiwa anayeumizwa ni mtoto wa leo, tusiishie kwenye baraza la kanisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka kutoa taarifa. Tunaweza kwenda ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au kupiga simu 116.

ALHAMISI: Mawe Kumi na Mawili

Soma Yos. 4:1–7. Kwa nini Mungu aliagiza mawe yawekwe mahali ambapo watoto wangeyaona na kuuliza?

Mungu anajua kwamba wanadamu husahau. Hata sisi tunaweza kuweka mawe yetu. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu, kwa upole na kwa ridhaa yake. Andika jina lake, mahali, mwaka, na maneno yake kama alivyoyasema. Kipande cha zamani, barua au picha usivitupe wakati wa kusafisha nyumba. Vitunze pakavu, na nakala uiweke mahali pengine. Karani wa kanisa asichane kurasa za kumbukumbu kwa sababu zinatuaibisha. Na siri ya aliyeumizwa ni mali yake: jina lake lisitajwe hadharani mpaka akubali mwenyewe.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Dan. 7:9, 10. Hukumu inaketi na vitabu vinafunguliwa. Kwa mtesi aliyechoma karatasi zake, hili ni onyo. Kwa aliyeteswa, ambaye hakuna mahakama iliyowahi kumsikiliza, ni habari njema: kesi yake haijafungwa. Anayeketi hukumuni anazo alama za misumari mikononi mwake. Naye hakuzificha alipofufuka, alimwonyesha Tomaso.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kukumbuka ili haki itendeke na kukumbuka ili kulipiza kisasi? Mtu atajuaje ni lipi limo moyoni mwake?

2. Kama kumbukumbu za kanisa lenu zingefunguliwa leo, je, aliyeumizwa angekuta ameandikwa, au angekuta kurasa tupu? Mnaweza kufanya nini?

3. Ni mzee yupi katika ujirani wako ambaye hajaulizwa habari zake bado? Panga kumtembelea kabla ya Sabato ijayo.